Sura ya 6: Skripti Isiyo na Mwenyewe

Nilikabidhiwa faili lile mwaka 2016, Wandegeya jijini Kampala, katika chumba cha kupanga nyuma ya maduka ya fotokopi, mita ya umeme ya Yaka ikilia juu ya mlango kuonya kwamba yuniti zinakwisha. Aliyenipa alikuwa amepata kazi ya benki na hakuwa tena na muda wa gemu. Yeye alilipokea kwa mwenzake wa Makerere, na huyo mwenzake kwa mtu wa Mbarara ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Lilikuwa na mistari mia sita na ushei ya JavaScript. Juu kabisa palikuwa na majina matatu ya bandia ya wachezaji, moja halisomeki tena kwa kuwa herufi zake zilikuwa zimegeuka alama za kuuliza, faili lilivyokuwa likihamishwa kompyuta hadi kompyuta. Katikati, mstari wa 214, palikuwa na namba 7000, na juu yake neno moja la Kiganda: tokikwatako. Usikiguse.

Hapakuwa na maelezo mengine. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimefundishwa juzi tu kwamba namba isiyoelezwa ndani ya programu ni uchafu. Nikaigusa.

Niseme kwanza skripti hizi zilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wajerumani walitoa gemu tatu zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja: OGame mwaka 2002, Tribal Wars mwaka 2003 na Travian mwaka 2004. Zote huchezwa ndani ya kivinjari. Unapewa kijiji, au sayari, unakusanya mali, unajenga, unaunda jeshi, unampora jirani kabla hajakupora wewe. Hizo tatu zilizaa vitukuu visivyohesabika, na gemu yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa kimojawapo. Zilipendwa Kampala kwa umaskini wao wa picha. Kompyuta ya kafe iliyokwisha choka, yenye kibodi isiyo na herufi E, iliziendesha bila taabu.

Shida ya gemu hizi ni moja: saa yake hailali. Jeshi ulilolituma saa nne usiku linafika saa nane, na ukiwa umelala halina wa kulirudisha. Mchezaji wa Hamburg ana umeme usiku kucha na intaneti asiyoihesabu. Wa Kampala ana bando la megabaiti kadhaa, na umeme unaoweza kuondoka katikati ya vita. Kwa hiyo watu wakatunga vijakazi: programu ndogo zinazokaa ndani ya kivinjari, zinazosoma ukurasa, kujaza namba na kubofya kwa niaba yako. Hakuna kampuni iliyozitengeneza. Zilitungwa na wachezaji, zikapitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi, na kila aliyezipokea alitia kiraka chake akaendelea.

Swali la uhalali lipo, na sitalikwepa. Tribal Wars wenyewe waliweka utaratibu wa kuzikagua skripti za wachezaji na kuziidhinisha baadhi, kwa kanuni inayoeleweka hata na mtoto: bofyo moja, tendo moja. Skripti ikikupangia safu ya namba, ni msaada. Ikibofya wakati unakoroma, hiyo ni roboti, na akaunti yako ni halali yao kuifunga. Gemu nyingine zinakataza zote, na Marekani kesi ya roboti ya World of Warcraft iliyoitwa Glider ilifika hadi mahakama ya rufaa mwaka 2010. Skripti niliyorithi mimi ilikuwa upande mbaya wa mstari huo kwa karibu theluthi yake. Nilijua. Nilijiambia kwamba mwenye umeme wa saa ishirini na nne naye ana roboti yake, ila haiitwi hivyo. Hoja hiyo ilinitosha wakati ule. Leo hainitoshi, maana aliyeumia si mchezaji wa Hamburg, ni kijana mwingine wa Bwaise aliyekesha kwa macho yake.

Turudi kwenye mstari wa 214. Namba 7000 ilikuwa milisekunde, yaani sekunde saba, muda ambao skripti inasubiri jibu la seva kabla ya kuamua kwamba agizo limepotea njiani na kulituma tena. Niliijaribu saa sita mchana, kwa simu yenye 4G, nikaona jibu linarudi chini ya sekunde moja. Sekunde saba za nini? Nikaandika 2000. Jioni nzima skripti ikaenda kama mshale, nami nikajiona fundi.

Saa mbili usiku, watu wote wa mtaa wakiwa mtandaoni, jibu moja likachukua sekunde nne. Skripti ikasubiri mbili, ikakata tamaa, ikatuma agizo upya. Lakini agizo la kwanza halikuwa limepotea, lilikuwa linajikokota tu. Seva ikapokea yote mawili na kuyatii yote mawili. La kwanza likatoa jeshi la uporaji. La pili, kwa kuwa jeshi hilo limeshaondoka, likachukua askari waliobaki, nao walikuwa walinzi. Kijiji kikabaki wazi kama nyumba ya msiba. Kulipokucha ghala letu halikuwa na kitu, na wenzangu kumi na mmoja wa kabila, ndivyo timu inavyoitwa humo ndani, walikuwa wakiniuliza kama nimeuza vita.

Nikampigia aliyenipa faili. Alicheka kwanza.

“Ssebo, ile si namba ya seva,” akasema. “Ile ni ya modemu.”

Alimaanisha modemu ya USB ya zamani, ile unayoichomeka ubavuni mwa laptopu na kuining'iniza dirishani kwa waya ili ishike mtandao. Mtu wa Mbarara alikuwa amepoteza jeshi lake lote kama nilivyopoteza langu, akaongeza sekunde moja, akapoteza tena, akaongeza nyingine, hadi alipofika saba na hasara ikakoma. Hakuna hesabu iliyofanyika. Namba ile ilikuwa jumla ya vipigo vyake.

Hapo ndipo nilipolisoma faili upya, sasa kwa heshima. Palikuwa na sehemu inayozuia picha zisipakuliwe, ambayo nilikuwa nimeidhania mabaki ya jaribio fulani. Ilikuwa inaokoa bando. Palikuwa na kazi nzito, ya kusoma ramani yote ya dunia ya gemu, iliyofungwa isifanyike kabla ya saa sita usiku. Niliiona ujinga, kwa nini mtu asubiri usiku wa manane apate ramani? Kwa sababu bando la usiku lilianza saa sita na lilikuwa rahisi, ndiyo maana. Palikuwa na kipande kinachoandika kila hatua kwenye diski kabla ya kuitekeleza, hata kufanya skripti iwe nzito. Hicho kilikuwa cha umeme: ukikatika na kurudi, skripti inajua iliishia wapi. Nilikuwa nimeshikilia mkononi maelezo ya maisha ya Uganda, yameandikwa na watu ambao hawakudhani wanaandika kitu.

Watu husema skripti imezeeka kana kwamba inachakaa kama soli ya kiatu. Haichakai. Herufi zake ni zilezile za siku ilipochapwa. Kinachosogea ni ardhi iliyo chini yake, na ardhi hiyo ina wenyewe ambao hawakujui. Greasemonkey, kiongezeo cha Firefox kilichotoka mwaka 2005 kwa mkono wa Aaron Boodman, ndicho kilichofanya skripti za aina hii ziwezekane kwa mtu wa kawaida, na ghala lake kuu likawa userscripts.org. Mwaka 2014 ghala hilo likazimika. Wengine walikuwa wameweka skripti zao kwenye folda za umma za Dropbox, mchezaji anabofya na msimbo unavutwa kutoka huko. Tarehe 15 Machi 2017 Dropbox ikaifunga huduma hiyo kwa wasiolipa, na viungo vikafa siku moja, pamoja na vya watu waliokwisha sahau kwamba waliwahi kucheza. Tarehe 14 Novemba mwaka huohuo likaja toleo la 57 la Firefox, lililotupa viongezeo vyote vya mtindo wa kale. Greasemonkey ikaandikwa upya, na katika kuandikwa upya, amri za kuhifadhi na kusoma kumbukumbu, ambazo zamani zilijibu papo hapo, zikawa zinajibu baadaye. Skripti iliyouliza “nilikuwa na askari wangapi?” na kuendelea bila kungoja ilipata ahadi ya jibu badala ya idadi, ikajaribu kutuma ahadi vitani.

Mimi Novemba hiyo ilinikuta nimejiandaa, na si kwa werevu. Ni kwa woga. Baada ya aibu ya 2016 sikuthubutu tena kuifuta skripti ya zamani na kuweka mpya. Niliacha ya zamani ifanye kazi, nikaandika mpya pembeni yake yenye sharti moja: isibofye kitu. Ilikuwa inatazama tu ukurasa uleule na kuandika kwenye faili la maandishi, saa fulani ningetuma hiki, saa fulani ningejenga kile. Kila asubuhi nililinganisha maandishi yake na matendo ya bibi yake. Wiki ya kwanza walitofautiana karibu kila saa. Mara nyingi mpya ndiyo iliyokosea, na kila kosa lilinipeleka kwenye mstari fulani wa faili la zamani uliokuwa na sababu isiyoandikwa. Nikaiandika. Ilipofika Oktoba walikuwa wakikubaliana karibu siku nzima, na tofauti mbili zilizobaki zilikuwa makosa ya bibi.

Anayecheza omweso, bao la Uganda, atanielewa. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na mtu akikuachia mchezo katikati, akaondoka kwenda kula rolex ya chapati na mayai, huwezi kuinua kete za shimo moja kwa kuwa tu zimejaa. Zikizunguka zitaamsha nyingine, na hizo nyingine. Unahesabu kwanza, hata kama watazamaji wanakupigia kelele ucheze.

Kuna njia ya mkato, nayo ni kutafuta skripti mpya iliyotungwa na mtu mwingine. Greasy Fork, iliyofunguliwa mwaka 2014, imejaa. Nilijaribu mbili. Zilikuwa safi, za kisasa, zimepangwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Moja ilisoma ramani yote kila baada ya nusu saa, ikamaliza bando langu la wiki kabla ya Jumanne. Nyingine, mtandao ukikatika, ilijizima kimya na kusubiri uiwashe kwa mkono. Hakuna ubaya wowote katika hayo, ukiwa Rotterdam. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sidhani walikuwa wanapinga msala mpya. Walitaka kwanza ujue huo msala unaondoka saa ngapi.

Nisieleweke kwamba ninatetea vitu vikuukuu. Kiraka juu ya kiraka kina mwisho, na Kampala ina mfano wake ulio mkubwa kuliko gemu. Mwaka 2011 UNICEF Uganda ilianzisha U-Report, vijana wakipokea maswali kwa SMS na kujibu bure kwa namba 8500: kama kisima cha kijijini kinafanya kazi, kama walimu wanafika darasani. Kilichoendesha mazungumzo hayo kilikuwa RapidSMS, programu huria ya Python iliyotungwa na UNICEF pamoja na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Ilikuwa nzuri na ilifanya kazi. Lakini ilikuwa ya waandika programu: kubadili mazungumzo, si maneno tu bali swali lipi lifuate jibu lipi, kulihitaji mtu wa kuingia ndani ya msimbo. Ujuzi ulikuwa umelala mahali pamoja na skripti yetu, mstari wa 214.

Mwaka 2014 ikaja RapidPro, iliyojengwa na UNICEF pamoja na kampuni ya Nyaruka ya Kigali, juu ya huduma yao iitwayo TextIt. Tofauti yake kubwa si kasi. Ni kwamba ofisa asiyejua kuandika programu anachora mazungumzo kwenye skrini, kisanduku kwa kisanduku: akijibu ndiyo, mpeleke huku, akikaa kimya siku mbili, mkumbushe. Anayejua kwamba mashinani watu huandika “yee” badala ya ndiyo anaweza kulitia neno hilo mwenyewe, leo, bila kumwomba mtu. Waliohama mapema walihama kwa utulivu. Tarehe 1 Januari 2020 Python 2 ilikoma kuhudumiwa na watunzaji wake, na aliyekuwa bado na programu ya Python 2 iliyoachwa na mwenyewe alibaki na nyumba isiyo na fundi.

Wazo hilo la RapidPro nililiiba. Katika skripti mpya nilizitoa namba zote ndani ya msimbo nikaziweka kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio, na mbele ya kila namba sentensi ya Kiswahili: muda huu ni wa mtandao wa jioni, punguza ukihamia penye faiba, kazi hii huanza saa sita kwa ajili ya bando la usiku, badilisha ukinunua la mwezi. Mwenzangu mmoja wa kabila, fundi wa simu katika jumba la maduka la Mutaasa Kafeero, asiyejua JavaScript hata chembe, alirekebisha mipangilio yake peke yake baada ya siku mbili, kisha akanisahihisha sentensi moja iliyokuwa ya uongo. Na theluthi ile ya kubofya usingizini niliiacha nje. Haikuwa rahisi kama ninavyoiandika hapa. Tulishuka ngazi na watatu walihama kabila. Waliobaki walikuwa wanacheza.

Faili nililiweka kwenye Git, kila badiliko na tarehe yake na sababu yake. Kitu kimoja kilinishinda, leseni. Kisheria, maandishi yasiyo na leseni ni mali ya aliyeyaandika, na mimi sikujua hata majina halisi ya watu watatu waliotajwa juu. Ningewezaje kuitangaza skripti kuwa huria kwa niaba ya mtu wa Mbarara? Ndiyo maana niliandika mpya kwa mkono wangu badala ya kunakili, na majina yao nikayaweka juu kabisa palepale yalipokuwa, pamoja na lile la alama za kuuliza.

Yapo mabadiliko ya ardhi ambayo hakuna kiraka kinachoyaweza. Julai 2018 kodi ya mitandao ya kijamii ilianza, shilingi 200 kwa siku, na Kampala nzima ikajifunza VPN ili kuikwepa. Seva ya gemu ikaanza kutuona leo tuko Uholanzi, kesho Kanada, ikawa inatutoa kwenye akaunti kila mara. Hilo tuliliweza: mstari mmoja unaosimamisha kila kitu anwani ikibadilika. Kisha ukaja Januari 2021. Adobe walikuwa wametangaza miaka mitatu kabla kwamba Flash, programu yao iliyoendesha gemu nyingi za kivinjari, itakufa, na tarehe 12 Januari wakaanza kuyazuia maudhui yake yasifunguke. Siku hiyohiyo nchini Uganda ikatolewa amri ya kufunga Facebook na mitandao mingine, siku mbili kabla ya uchaguzi. Jirani yangu aliyekuwa akicheza gemu za Flash ndani ya Facebook hakujua amlaumu nani. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa.

Laptopu yangu niliiacha wazi juu ya meza, gemu kwenye skrini, skripti ikiandika kwenye faili lake kila baada ya sekunde saba kwamba hakuna jibu. Intaneti ilirudi tarehe 18. Skripti ikaamka yenyewe, ikasoma iliishia wapi, ikaandaa agizo lililokuwa linangoja tangu Jumatano, nami nikabofya kulituma. Seva ikajibu haraka sana, chini ya sekunde moja, kwamba kijiji hicho si chetu tena.